Hoki ya Wisconsin: nani alaumiwe timu kubwa inapoburuza mkia?

Machi 2023 Chuo Kikuu cha Wisconsin, kilichoko mjini Madison katika jimbo la Wisconsin, Marekani, kilimfuta kazi kocha wake wa hoki ya barafuni, Tony Granato. Katika misimu saba alikuwa ameshinda mechi 105, akapoteza 129 na kutoka sare 16. Miaka saba kabla yake, mwezi huohuo wa Machi, kibarua cha mtangulizi wake Mike Eaves nacho kilikuwa kimeota nyasi, baada ya misimu miwili iliyoleta ushindi mara 12 tu kwa jumla. Wote wawili ni watoto wa nyumbani, walioivaa jezi ya Wisconsin ujanani. Wote wawili walipendwa walipofika, na wote wawili waliondoka huku mashabiki wakisema wamechoka.

Kwa haraka mtu atasema kesi hii haina ugumu: kocha hashindi, kocha aende. Mimi nimeifuatilia kwa miaka na ninaamini ina mafundo kadhaa, na kila fundo linastahili kufunguliwa peke yake, kwa sababu kinachoitwa matarajio ya mashabiki huko Madison ni mchanganyiko wa mambo yasiyofanana. Kuna kumbukumbu ya makombe, kuna mapenzi ya chuo, kuna pesa ya tiketi, na kuna dhana kuhusu kazi ya kocha ambayo kwa sehemu imepitwa na wakati.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi. Kila upande una wachezaji watano na kipa, wote wakiwa juu ya viatu vya kutelezea, wakigombea kisahani kigumu cha mpira kiitwacho paki kwa vipindi vitatu vya dakika 20. Nairobi ina timu ya mchezo huu, Ice Lions, ambayo nyumbani kwake ni uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, lakini kwa wengi wetu ni mchezo wa kwenye runinga. Marekani kuna vyuo zaidi ya 60 vinavyocheza hoki ya wanaume katika daraja la juu, vingi vikiwa vimegawanywa kwenye ligi sita. Mechi huchezwa zaidi Ijumaa na Jumamosi, kuanzia Oktoba. Mwishoni timu 16 huingia kwenye mtoano wa taifa: bingwa wa kila ligi, na nyingine kumi zinazochaguliwa kwa hesabu ya matokeo ya msimu mzima. Ukifungwa mara moja, msimu umekwisha.

Sasa tuangalie urithi. Wisconsin ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1973, 1977, 1981, 1983, 1990 na 2006. Makombe matatu ya kwanza yaliletwa na Bob Johnson, mtu aliyeufanya mji wa Madison uupende mchezo huu kiasi cha kuufanya sehemu ya maisha ya majira ya baridi. Baadaye Johnson alikwenda kwenye ligi ya kulipwa, NHL, akashinda Kombe la Stanley akiwa na Pittsburgh mwaka 1991, akafariki mwaka huohuo. Mrithi wake Jeff Sauer akaleta makombe mawili zaidi, na Eaves akaleta la sita kwa kuifunga Boston College 2-1 jijini Milwaukee, kilomita zisizofika 130 kutoka Madison, mbele ya umati uliojaa watu wa jimbo hilohilo. Kwa mzee aliyekuwa na tiketi ya msimu tangu enzi za Johnson, ubingwa ulikuwa unakuja angalau mara moja kila muongo. Alizoea hivyo, na hakuwa na sababu ya kudhani utaratibu huo utavunjika.

Kisha kuna jengo. Mwaka 1998 timu ilihamia Kohl Center, ukumbi unaochukua watu wapatao 15,000 kwa hoki. Kwa mchezo wa chuo huo ni ukubwa usio wa kawaida, kwani viwanja vingi vya wapinzani havifiki hata nusu yake. Ulipokuwa unajaa, hakuna chuo kilichoweza kushindana na Wisconsin kwa kelele wala kwa mapato. Ulipoanza kuwa mtupu, kila kiti kilichokosa mtu kilionekana kwenye runinga. Timu ndogo ikifanya vibaya ndani ya uwanja wa watu 3,000, mashabiki wake mia kadhaa bado huonekana ni wengi. Ndani ya Kohl Center watu 5,000 huonekana kama waliobaki baada ya sherehe. Nataja hili kwa sababu hasira za Madison zilipozungumzwa, mara nyingi watu walisahau kwamba dalili yenyewe ya ugonjwa haikuwa hasira. Shabiki anayepiga kelele bado yuko. Aliyeacha kununua tiketi hasemi kitu.

Jambo moja lililowaondoa baadhi yao halikuwa mikononi mwa kocha yeyote. Mwaka 2013 ligi ya Big Ten ilianzisha hoki, na Wisconsin ikalazimika kuiacha ligi yake ya zamani, WCHA, iliyokuwa na wapinzani wa miaka mingi kama North Dakota na Denver. Wapinzani hao ndio waliokuwa wakijaza ukumbi. Wakaja wageni kama Ohio State, na Penn State, ambayo ilikuwa imeanza tu kucheza katika daraja hilo. Mchezo ulikuwa uleule, lakini uhasama wa kizazi hadi kizazi hauwezi kuhamishwa kwa saini ya mkataba wa runinga. Anayefahamu Simba na Yanga atalielewa hili bila maelezo.

Mwaka mmoja baadaye timu ikaporomoka. Msimu wa 2014–15 Wisconsin ilishinda mechi 4, ikapoteza 26 na kutoka sare 5. Msimu uliofuata ilishinda 8. Eaves, mtu aliyeleta kombe la 2006 na kuifikisha timu fainali ya 2010, akaondolewa.

Granato alipochukua nafasi yake, matumaini yalipanda haraka. Alikuwa amecheza NHL kwa miaka mingi, aliwahi kuwa kocha mkuu wa Colorado Avalanche, na alikuja na benchi la ufundi lenye majina: mdogo wake Don Granato pamoja na Mark Osiecki. Msimu wa kwanza ukamalizika kwa ushindi 20. Halafu ikaja misimu mitatu mfululizo ya ushindi 14.

Msimu wa tatu kati ya hiyo, 2019–20, ndio ninaotaka kukaa nao, maana ndani yake kuna siri ya hoki ya vyuo ambayo mashabiki wengi hawakuelezwa vizuri. Mwaka huo Wisconsin ilikuwa na Alex Turcotte, aliyechaguliwa wa 5 katika mchujo wa NHL wa 2019 (shughuli ya kila mwaka ambapo timu za kulipwa huchagua vijana kwa zamu), na Cole Caufield, aliyechaguliwa wa 15 mwaka huohuo. Ilikuwa na K'Andre Miller, aliyechaguliwa wa 22 mwaka 2018, na Dylan Holloway, ambaye mwaka 2020 angechaguliwa wa 14. Chuo chenye vijana wanne wa kiwango hicho kwa wakati mmoja ni adimu. Kabla ya msimu mashabiki walihesabu majina, wakaona kombe. Timu ikamaliza ya mwisho kwenye ligi ya Big Ten.

Ilikuwaje? Jibu kubwa ni umri. NHL huwachagua wachezaji wakiwa na miaka 18, kwa kutazama watakavyokuwa wakifika 25. Chuo kinahitaji mchezaji wa leo. Katika hoki, tofauti na michezo mingi ya vyuo vya Marekani, kijana anaweza kumaliza sekondari kisha akacheza ligi za vijana hadi afikishe miaka 20, ndipo aanze chuo. Kwa hiyo timu isiyo na jina lolote kubwa inaweza kushuka uwanjani na wanaume wa miaka 23 na 24, waliokomaa mifupa, waliocheza pamoja misimu mitatu, dhidi ya vijana wa miaka 18 wenye vipaji vya ajabu ambao bado wanajifunza kugombea paki kwenye kona za uwanja. Kwenye ukuta ule wa pembeni, kilo na miaka huzungumza kuliko nafasi ya mtu kwenye mchujo. Isitoshe, kijana wa aina ya Turcotte hakai. Yeye aliondoka baada ya msimu mmoja. Miller na Holloway baada ya miwili. Kocha anayesajili vipaji vya juu huanza upya karibu kila mwaka.

Kwa hiyo swali la mashabiki, "mbona tuna nyota na hatushindi?", lilikuwa na majibu mawili, na la kwanza lilimtetea kocha: vijana hao hawakuwa tayari. La pili lilimhukumu. Nani aliwasajili wote kwa pamoja bila kuwazungushia wachezaji waliokomaa wa kutosha? Kuchanganya umri ndiyo kazi yenyewe ya kocha wa chuo. Hapo mimi nasimama upande wa mashabiki. Granato alijua kuwavutia vijana wenye vipaji, ila kikosi kilichowazunguka kilikosa uzito.

Halafu mambo yakageuka. Msimu wa 2020–21 Caufield alibaki, akafunga mabao 30 katika mechi 31, akatwaa Hobey Baker, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Wisconsin ikachukua ubingwa wa msimu wa kawaida wa ligi kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2000. Huo ulikuwa msimu wa janga la korona, kwa hiyo furaha hiyo, iliyosubiriwa miaka ishirini, iliwakuta mashabiki wamefungiwa majumbani. Kisha timu ikaingia kwenye mtoano wa taifa na kufungwa 6-3 na Bemidji State katika mechi ya kwanza. Nadhani msimu huo ungechezwa mbele ya ukumbi uliojaa, Granato angekuwa na akiba ya mapenzi ya kumvusha misimu miwili mibaya. Badala yake ikaja misimu ya ushindi 10 na 13, na hakukuwa na kumbukumbu ya pamoja ya kuwatuliza watu.

Kipigo kile cha Bemidji kinatuleta kwenye fundo jingine. Mashabiki wa timu kubwa humpima kocha kwa mtoano, na mtoano wa hoki ni kipimo kibovu. Mabao ni machache, kipa mmoja mwenye usiku mzuri anaweza kuamua kila kitu, na hakuna mechi ya marudiano. St. Cloud State iliingia kwenye mashindano ya 2018 na 2019 ikiwa imepangwa ya kwanza kitaifa miaka yote miwili. Mwaka wa kwanza ilitolewa na Air Force, wa pili na American International, zote katika mechi ya kwanza. Haiwezekani timu bora nchini ikawa mbovu kwa dakika sitini tu, miaka miwili mfululizo, kwa sababu ya kosa la tabia. Mchezo wenyewe ndivyo ulivyo.

Uwanja wa ushindani nao umepanuka. Kati ya 2011 na 2025 vyuo saba vilitwaa ubingwa wa taifa kwa mara ya kwanza katika historia yao: Minnesota Duluth, Yale, Union, Providence, Massachusetts, Quinnipiac na Western Michigan. Union ni chuo kidogo chenye wanafunzi wapatao 2,000. Katika miaka hiyohiyo vigogo wamekaa wakisubiri. Michigan, yenye makombe tisa, haikunyanyua hata moja baada ya lile la 1998 hadi 2025. Minnesota, majirani na mahasimu wa Wisconsin, walinyanyua la mwisho 2003, na mwaka 2023 walifungwa na Quinnipiac fainali sekunde kumi tu baada ya muda wa nyongeza kuanza. Shabiki wa Madison anayesema "sisi hushinda kila muongo" anazungumzia ulimwengu uliokuwa na washindani wachache. Johnson alikuwa kocha mkubwa sana, lakini hata yeye leo angekuta mlangoni foleni ndefu kuliko aliyoiacha.

Pamoja na hayo yote, sitaki kuwaambia mashabiki wapunguze matarajio na kunyamaza. Ushauri huo hutolewa kirahisi na watu wasionunua tiketi. Na kuna sababu ya pili: hoja ya uvumilivu, ambayo zamani ilikuwa na nguvu, imedhoofika.

Zamani kocha mpya alihitaji miaka minne au mitano. Vyuo vilikuwa vinaafikiana na vijana wakiwa na miaka 15 au 16, wakaja miaka mitatu au minne baadaye, kwa hiyo msimu wa kwanza na wa pili wa kocha mpya ulichezwa na wachezaji wa mtu mwingine. Mchezaji aliyetaka kuhama chuo alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza. Mwaka 2021 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliondoa adhabu hiyo kwa uhamisho wa kwanza, na milango ikafunguka. Novemba 2024 kikapitisha jingine kubwa zaidi: kuanzia Agosti 2025 wachezaji wa ligi tatu kuu za vijana za Kanada, waliokuwa wamezuiwa kwa miongo kadhaa kwa kuhesabiwa kuwa wa kulipwa, wakaruhusiwa kucheza vyuoni. Kocha wa leo anaweza kubadili nusu ya kikosi chake katika majira ya joto mamoja.

Ushahidi uko Michigan State. Chuo hicho kilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 2007, kisha kikazama. Chini ya Danton Cole, kuanzia 2017 hadi 2022, hakikuwa na hata msimu mmoja wa kushinda zaidi ya kupoteza. Adam Nightingale akapewa kazi mwaka 2022. Msimu wa kwanza akatoka sawasawa, ushindi 18 na kupoteza 18. Msimu wa pili akachukua ubingwa wa Big Ten, na wa tatu akauchukua tena. Maine nako, Ben Barr alishinda mechi 7 tu msimu wake wa kwanza, 2021–22, na miaka mitatu baadaye akatwaa ubingwa wa ligi yake, Hockey East. Barr alistahili kusubiriwa, na alisubiriwa. Lakini tazama alichosubiriwa nacho: mwaka wa pili ushindi 15, wa tatu 23. Ngazi ilikuwa inaonekana.

Hapo ndipo ninapoona kipimo cha haki. Mtu anayetaka kumhukumu kocha wa timu iliyoanguka aangalie kama kikosi cha Februari kinacheza vizuri kuliko kile cha Oktoba. Aangalie kama wachezaji wa mwaka wa tatu wamekuwa bora kuliko walivyofika, kama kuna kipa wa kuaminika, na kama timu inamiliki paki na kupiga mashuti mengi kuliko mpinzani hata siku inapofungwa. Katika misimu miwili ya mwisho ya Granato majibu mengi yalikuwa hapana, na ndiyo maana naamini uamuzi wa 2023 ulikuwa sahihi, ingawa sababu zilizopigiwa kelele zaidi, yaani makombe ya Johnson na majina ya NHL, hazikuwa sababu nzuri.

Kipimo hicho pia kinaonyesha pale mashabiki na viongozi wanapoweza kwenda mbali mno. Machi 2025 North Dakota ilimfuta kazi Brad Berry. Berry alikuwa ameipa ubingwa wa taifa mwaka 2016, msimu wake wa kwanza. Mwaka 2024 alikuwa ameshinda ligi. Na msimu uliomwondoa ulikuwa na ushindi 21. Kosa lake ni kukosa mtoano mwaka huo, na kutofika mbali ndani yake kwa miaka mingi. Katika kipindi hicho kuna mechi ya 2021 dhidi ya Minnesota Duluth iliyokwenda vipindi vitano vya nyongeza kabla timu yake haijafungwa 3-2. Bao lile moja lingeingia upande wa pili, huenda historia ya Berry ingesomwa vingine kabisa. Ushindi 21 ungemfanya kocha wa Madison wa 2015 kuwa shujaa. Pale Grand Forks, mji wa chuo cha North Dakota, ulikuwa hati ya kufukuzwa.

Kuna kitu kingine kinachofanya Madison pawe mahali pagumu kwa kocha wa wanaume. Mwaka 2002, kazi iliyoishia kwa Eaves ilitakwa pia na Mark Johnson, mtoto wa Bob, aliyefunga mabao mawili siku Marekani ilipoishangaza Urusi ya Kisovieti kwenye Olimpiki ya 1980. Akanyimwa. Akachukua timu ya wanawake, na hadi 2025 alikuwa ameshinda ubingwa wa taifa mara nane. Kila wanaume wanapoteleza, ulinganisho huo upo mita chache tu, kwenye ukumbi mdogo uliounganishwa na Kohl Center. Si haki kabisa kuwalinganisha, kwa kuwa hoki ya wanawake ina vyuo vichache na vipaji vyake havinyakuliwi na ligi kubwa wakiwa na miaka 19. Ila inathibitisha kwamba chuo hiki, maarufu kwetu pia kwa kufundisha Kiswahili, kinajua kujenga timu ya kudumu kikimpata mtu sahihi na kumwacha afanye kazi.

Mtu aliyechukuliwa baada ya Granato ni Mike Hastings, kutoka Minnesota State, ambako aliifikisha timu fainali ya taifa mwaka 2022 akitegemea wachezaji waliokomaa na kipa Dryden McKay, mshindi wa Hobey Baker mwaka huo. Chaguo hilo lilijibu moja kwa moja kasoro ya mtangulizi wake. Msimu wa kwanza, 2023–24, Wisconsin ilishinda mechi 26, na kipa wake Kyle McClellan akapata tuzo ya Mike Richter ya kipa bora wa vyuo. Mtoano ukaisha mapema, 3-2 dhidi ya Quinnipiac katika muda wa nyongeza. McClellan akaondoka, na msimu wa 2024–25 ukaishia na ushindi 13 na kupoteza 21.

Ushindi 13 ndiyo idadi ileile iliyomfukuzisha Granato. Safari hii kocha alibaki, na alistahili kubaki: mwaka mmoja kabla alikuwa ameonyesha kikosi kilichokamilika kinavyoonekana, na pengo la golini lilikuwa wazi kwa kila aliyetazama. Mashabiki waliogoma kumlaumu kwa msimu huo mmoja walifanya hesabu sahihi. Nao waliosema kwamba kipa wa kuziba nafasi ya McClellan alipaswa kutafutwa mapema, wakati milango ya uhamisho iko wazi, walikuwa na haki ya kulisema hilo kwa sauti.